Kibarua cha sianidi: usianze kabla ya mkataba na mafunzo

Ndugu, umeeleza kwamba umepata kibarua cha miezi miwili cha kukagua na kupakua mapipa ya sianidi ya sodiamu (kemikali yenye sumu kali inayotumika kuchenjua dhahabu) yanayopelekwa migodini Geita, na unauliza kama uanze ilhali hujapewa mkataba wala mafunzo. Nakusihi usianze. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe mafunzo na vifaa vya kujikinga, na kuwa kibarua hakukuondolei haki hiyo.

Sianidi ikikutana na asidi, au hata unyevunyevu, hutoa gesi inayoweza kuua kwa dakika chache. Barakoa ya kitambaa haiizuii, wala usitegemee harufu yake, maana wapo watu wasioweza kuinusa kabisa. Ukikuta pipa limetoboka na unga mweupe umemwagika, usiuguse wala usimwagie maji, bali ondoka kuelekea upepo unakotoka, kisha umwite msimamizi.

Uliza pia kama utapimwa afya kabla ya kuanza, na kama mwajiri amejisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Akikwepa kujibu, toa taarifa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi.