Mizani ya Tajiri

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: nchi changa ikipata mafuta, na mgeni ndiye mwenye mtaji na mitambo, ifanye nini isiporwe? Nawajibu kutoka Lamu, mimi mtoto wa mvuvi: ishike hisabu kabla ya kugombea mgao.

Marehemu baba alivulia jarife la mkopo. Tajiri aliyemkopesha ndiye aliyenunua samaki, ndiye aliyepima, ndiye aliyeandika daftari. Kwanza hutoa gharama: petroli, barafu, kushona nyavu. Kinachosalia ndicho faida, nacho hugawanywa mafungu, chombo lake, mabaharia yao. Mgao wenyewe haukuwa na ila. Tuliibiwa kabla ya mgao, kwenye gharama na kwenye mizani. Siku mama alipopima samaki nyumbani kwanza, kilo 20 zilifika kwa tajiri zikawa 17.

Iran yalianza hivyo hivyo. Mwaka 1901 mfalme wao alimpa Mwingereza William Knox D'Arcy haki ya kuchimba mafuta kwa miaka 60, nchi ipate asilimia 16 ya faida. Mafuta yakapatikana 1908; mwaka 1914 serikali ya Uingereza ikanunua hisa nyingi zaidi za kampuni iliyoyachimba. Lakini faida ilihesabiwa London, na Wairani walipotaka kukagua vitabu walikataliwa. Ikafika hadi Uingereza kupata kodi nyingi kutokana na mafuta yale kuliko Iran ilivyopata kwa kuwa mwenye mali! Mosaddegh, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Iran, na Bunge wakataifisha mafuta hayo 1951. Uingereza ikazuia mafuta yasiuzwe, na Agosti 1953 majasusi wa Marekani na Uingereza wakaongoza njama ya kumpindua. Mwaka uliofuata kampuni za kigeni zikarudi na mgao wa nusu kwa nusu, ila Wairani wasikague vitabu. Hapo ndipo roho huniuma zaidi. Nusu walikubali kuitoa, daftari hawakulitoa.

Kwetu Kenya, Sheria ya Petroli ya 2019 inatenga asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa wenyeji wa mahali mafuta yanapochimbwa. Barazani hapa Mkomani watu hubishana mpaka adhana juu ya ile 5, kwamba ni haba. Ni haba kweli. Lakini hilo ni fungu la serikali linalogawanywa, baada ya kampuni kurudisha gharama zake na kuchukua chake. Gharama zikivimbishwa, hata tungepewa 50 tutagawana makumbi.

Kwa hiyo mikataba itangazwe yote, na kila hati ya gharama ikaguliwe na watu wetu. Vijana wetu huahidiwa kazi za kufyeka na ulinzi wa geti. Wasomesheni uhasibu wa mafuta, wasomesheni sheria ya mikataba, wakakae mezani wanapohesabu.

Bomba la kutoka visima vya mafuta vya Lokichar, kule Turkana, limepangwa kuishia hapa kwetu, kwenye bandari iliyofunguliwa Mei 2021. Mwisho wa bomba hapana budi kuwe na mita ya kupimia kila pipa linaloingia melini. Waheshimiwa wakija kutuhutubia habari za bomba hilo, nitasimama niwaulize mita hiyo itasomwa na nani, na sisi tutaionea wapi.