Jibu: Maisha kuwa mlinganyo wa hesabu?

Mkuu, umeuliza kama maisha yanaweza kuandikwa kama mlinganyo. Kipande chake, ndiyo. Mwaka 1838 mwanahisabati Mbelgiji Verhulst aliandika mlinganyo wa idadi ya viumbe: inapanda mbio, kisha inapunguza kasi chakula na nafasi vikibana. Safi. Ila mwaka 1976 mwanasayansi Robert May akaonyesha kuwa mlinganyo wa aina hiyo, mstari mmoja tu, ukipandisha kasi ya kuzaliana majibu yanaanza kuruka ovyo. Kosea desimali moja mwanzoni, vizazi kadhaa mbele huwezi kutabiri kitu.

Sasa njoo hapa kwetu Kongwa, Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi mkubwa wa kulima karanga, hesabu zimenyooka: ekari, matrekta, tani. Kiangazi udongo wa mfinyanzi ukakauka kama saruji, mvua ikagoma, 1951 mradi ukaachwa. (Wagogo wangewaambia bure.)

Mimi nina robo eka ya zabibu Hombolo. Maji, samadi, tarehe za kupogoa, vyote viko daftarini. Msimu uliopita mbuzi wa jirani wakaingia usiku mmoja, wakabakiza vijiti. Hao niwaandike x au y?