Mawe Yaliyokuwa Yakingoja Mvua

Mmeuliza wiki hii: "Mvua imewahi kuiharibia familia yako likizo? Mlifanyaje?" Nilimsomea mama mkwe wangu swali hilo akiwa anachambua mchele barazani. Akasema, "Waandikie ya India." Basi naandika ya India, ingawa jibu langu litapishana kidogo na swali, maana ile mvua ilitunyeshea karibu kila siku na mpaka leo siwezi kusema iliharibu likizo.

Ilikuwa Desemba 2023. Kijana wetu mkubwa anasoma Chennai, kusini mwa India. Mama mkwe, ambaye nitamwita Bibi kama wanavyomwita wanangu, alikuwa anasumbuliwa na magoti na tulitaka akaonwe na madaktari wa huko. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Tanga, shule zilikuwa zimefungwa. Mume wangu akaomba ruhusa kazini, tukawachukua na wadogo wawili, binti wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 8. Mpango ulikuwa tumalize kwanza habari ya magoti, kisha tuzunguke mahekalu ya kale ya jimbo la Tamil Nadu: Mahabalipuram, Thanjavur, Madurai, na safari tuimalizie Rameswaram, kisiwani.

Kama kuna mtu aliyepaswa kujua kitakachotupata ni mimi. Kila mwaka nasimama mbele ya darasa nafundisha upepo wa kaskazi, ule uliokuwa ukileta majahazi ya Kutch huko India na ya Ghuba ya Uajemi hadi mwambao wetu. Kwetu kaskazi ni jua na joto. Lakini upepo huohuo, kwa upande wa Tamil Nadu, hupita kwanza juu ya Ghuba ya Bengal, ukanywa maji, ukayamwaga kwenye pwani ya mashariki ya India kati ya Oktoba na Desemba. Zile mvua za Juni zinazosubiriwa India nzima, Tamil Nadu hupata kidogo tu, kwa sababu milima ya Ghats ya Magharibi imezikinga. Karibu nusu ya mvua yao ya mwaka huletwa na kaskazi. Nayafundisha haya, na bado nikakata tiketi za Desemba.

Siku chache kabla hatujaondoka, tarehe 4, kimbunga Michaung kikaifurikisha Chennai hadi uwanja wa ndege ukafungwa. Siku moja kabla ya hapo, kwetu, matope ya Mlima Hanang yalikuwa yameshuka Katesh na kuzika watu. Bibi alikuwa akiomba dua mbili kwa mpigo, moja ya wafiwa wa Katesh na moja ya mjukuu wake aliyekwama ghorofani bila umeme. Tulipofika, magodoro yalikuwa yameanikwa kwenye kuta za mitaa mizima. Kwa hiyo nikisema naipenda ile mvua, nisieleweke kwamba sikuona ilichofanya.

Mahabalipuram iko kama kilomita 60 kusini mwa Chennai, pembeni kabisa mwa bahari. Hekalu la ufukweni lilijengwa na mfalme wa Wapallava mwanzoni mwa miaka ya 700, na chumvi imelilamba hata sura za sanamu za nje zimebaki kama sabuni iliyotumika. Lakini kilichotuzuia hapo hadi jioni ni mwamba mmoja mjini, upana wake karibu mita 30, uliochongwa ukutani viumbe vya kila namna: tembo wa ukubwa wa tembo hasa, paa, wawindaji, watawa waliokonda. Katikati ya mwamba kuna ufa, na ndani ya ufa wamechongwa nyoka wenye viwiliwili vya watu, wamefumba mikono kama wanaoomba. Wengine husema picha ile ni ya Arjuna, shujaa wa hadithi za Kihindu, akifanya toba. Wengine husema ni Bhagiratha, aliyesimama kwa mguu mmoja akiomba mto Ganga ushuke kutoka mbinguni uoshe majivu ya mababu zake, na mungu wao Shiva akaupokea kwa nywele zake ili uzito wa maji usiipasue ardhi. Juu ya mwamba palikuwa na tangi, na inaaminika siku za sherehe maji yalifunguliwa yakateremka kwenye ule ufa.

Siku hiyo hapakuhitajika tangi. Mvua ilikuwa ikikusanyika kule juu na kushuka yenyewe katikati, ikapita juu ya vichwa vya wale nyoka, na wote tukanyamaza. Mdogo wetu akauliza, "Mama, nani amefungulia?" Nilitazama ule mwamba nikaona kwamba siku ya jua ningeona ufa mkavu na nyoka wawili, nikapiga picha, nikaondoka.

Nikaanza kuyaangalia maji badala ya kuyakimbia.

Thanjavur tulifika kwa treni ya usiku kutoka stesheni ya Egmore. Lile hekalu kubwa, Brihadisvara, lilikamilika mwaka 1010 chini ya mfalme Rajaraja wa Wachola. Mnara wake una zaidi ya mita 60, wote wa matale, na bonde lile la mto Kaveri ni udongo mtupu, jiwe gumu lilibidi litolewe mbali. Viatu huachwa langoni. Msimu wa jua, alituambia kijana wetu, uwanja ule huunguza nyayo hadi watu hukimbilia mikeka iliyotandikwa. Sisi tuliukuta wa baridi, maji yakipita kati ya vidole. Nilihofia Bibi ateleze. Akakunja mwavuli akaufanya mkongojo, mkono mwingine akamshika mjukuu, akazunguka hekalu zima taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, na kwa sababu yake sote tulitembea taratibu. (Atakayekwenda msimu huo achukue mfuko wa plastiki wa kutilia viatu. Vya mume wangu vilijaa maji kama ndoo.)

Sehemu za chini za ukuta zimejaa maandishi ya Kitamil. Mfalme aliandikisha alichotoa: dhahabu, vyombo, kondoo ambao samli itokanayo na maziwa yao iwashe taa daima, hata majina ya wacheza ngoma 400 wa hekalu pamoja na nyumba walizopewa kukaa. Kwa mvua ya pembeni kila herufi ilishika tone lake, ikang'aa ndani ya jiwe lililokuwa jeusi kwa kulowa. Binti yangu alipitisha kidole hewani, bila kugusa, akifuata mstari mmoja hadi kona. Hajui Kitamil hata neno. Upande wa kaskazini wa jengo kuna mlizamu wa jiwe unaotoa nje maji yanayomiminwa juu ya linga, nguzo inayomwakilisha Shiva, kule ndani wakati wa ibada. Siku hiyo maji ya ibada na maji ya mbinguni yalitiririka pamoja uwanjani. Sisi ni Waislamu, hatukuingia kule ndani walikokuwa wakiabudu. Tulikaa kwenye baraza ndefu inayozunguka ua, na hakuna aliyetuuliza kitu.

Barazani hapo mama mmoja mtu mzima alisogea kumpisha Bibi. Hawakuwa na lugha moja. Alionyesha magoti yake mwenyewe, akaonyesha ya Bibi, akatikisa kichwa. Bibi akamwita "mama", yule akamwita "amma", wakakaa bega kwa bega karibu saa nzima. Mvua ilipopungua tulivuka barabara tukanunua vitu vya ndizi mbichi iliyochovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa. Wao huita bajji. Bibi alitafuna akasema, "Hii si bajia hii?" Akaagiza nyingine ampelekee mwenzake.

Tarehe 17 na 18 mambo yakabadilika. Kusini zaidi, mji wa Kayalpattinam ulipata karibu sentimita 95 za mvua kwa saa 24, zaidi ya nusu ya ile ambayo Tanga huipata mwaka mzima. Reli zilisombwa kokoto, treni moja ikakwama kituo cha Srivaikuntam na mamia ya abiria. Watu walikufa. Tuliacha Madurai, tuliacha Rameswaram. Mume wangu alikuwa ameitamani Rameswaram tangu tulipoanza kuweka akiba ya nauli, na jioni ile hakusema mengi. Tukahamia Kumbakonam, mwendo mfupi, tukapanga vyumba viwili kwa mama mjane.

Ulikuwa umeingia mwezi wao wa Margazhi, ambao kinamama huamka kabla ya alfajiri kuchora mbele ya mlango mapambo ya unga wa mchele yanayoitwa kolam. Mwenye nyumba alichora, mvua ikafuta, kesho yake akachora tena. Siku ya tatu binti yangu aliamka naye.

Karibu na hapo ni Darasuram, hekalu la karne ya 12 ambalo ukumbi wake wa mbele umechongwa kama gari la kukokotwa, lina magurudumu na farasi wanaoruka. Ardhi ya kuzunguka imeinuka kadiri miaka ilivyopita, hivyo hekalu liko chini na mvua ikinyesha maji hutuama uani. Tulilikuta limesimama katika maji ya kifundo cha mguu, farasi wa juu na farasi wa chini wakitazamana. Mdogo wetu akasema, "Kama birika la msikitini." Nilimshika mkono kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nikitafuta neno hilo tangu Thanjavur. Kila hekalu tuliloliona lina birika lake la ngazi pembeni au ndani ya uzio, na kila mara nilijiambia ni pambo. Siyo pambo. Ni watu wanaopata mvua yao kubwa miezi mitatu, wakayakusanya maji ya kuwapitisha tisa. Msikiti wa mwambao haukujengwa bila kwanza kujua maji yatakaa wapi, na hawa nao hivyohivyo.

Mwisho tukaenda Gangaikonda Cholapuram, mji wa Rajendra, mwana wa Rajaraja. Jeshi lake lilifika hadi mto Ganga karibu mwaka 1023, likarudi na maji ya mto huo. Rajendra akachimbisha ziwa kubwa la kumwagilia mashamba, maji ya Ganga yakamiminwa humo, na mabamba ya shaba ya Wachola yanaliita nguzo ya ushindi iliyofanywa kwa maji. Nimewahi kusoma juu ya wafalme wengi walioacha nguzo za mawe. Huyu pekee ndiye ninayemfahamu aliyeacha ya maji. Mji wenyewe umetoweka, na mwaka 1836 mawe ya ukuta wa hekalu yalibomolewa yakajenge bwawa la mto wa jirani. Mnara umebaki, umebonyea kidogo kiunoni, mpole kuliko wa baba yake. Mume wangu alisimama chini yake bila mwavuli kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama ziwa bado lipo. Lipo, dogo kuliko zamani. Hapo ndipo aliponiambia Rameswaram itangoja.

Magoti ya Bibi yalipewa dawa na mazoezi, na anayafanya. Tuliporudi, kabla hajafungua hata sanduku, alitoka nje akatazama paa letu la bati na mfereji ambao maji yake huchimba barabara ya mtaa kila masika. Wiki iliyofuata alimwita fundi kwa pesa yake mwenyewe akafunga gata pande zote nne na tangi la lita 5,000 nyuma ya jiko. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza ya masika ya 2024 tulimsikia akiamka. Tulimkuta amesimama gizani na kanga begani, kiganja amekiweka ubavuni mwa tangi, anasikiliza maji yamefika wapi.