Mzazi yuko hai ila akili imeondoka: usikimbilie kufungua mirathi

Mkuu, umesema bi mkubwa wako hajitambui tena, kadi ya benki imemezwa na mashine, na ndugu wanakusukuma ukafungue mirathi mahakama ya mwanzo ili pesa zitoke. Usithubutu. Mirathi ni ya marehemu, na sisi tuliingia shimo hilohilo.

Wetu alikuwa mjomba, fundi mstaafu, ana nyumba ya wapangaji huku Ngamiani, Tanga. Alipigwa kiharusi, akapata nafuu, halafu kumbukumbu ikawa inakwenda kidogo kidogo, mara kasahau kama keshakula, mara anamgongea mpangaji usiku kumdai kodi alolipwa asubuhi. Basi tukakaa kikao cha ukoo, muhtasari ukaandikwa, serikali ya mtaa wakagonga muhuri, mi na binamu tukaenda mahakamani kifua mbele. Karani akapekua karatasi zote, akauliza cheti cha kifo kiko wapi. Binamu akamjibu, "mzee yupo nyumbani anakunywa uji." Yule mama alicheka mpaka akavua miwani.

Tukasema haya, tujaribu hati ya uwakilishi, ile watu wanaita pawa ofu atoni, karatasi ya mtu kumruhusu mwingine amshughulikie mambo yake. Wakili akaja na kidau cha wino, akamshika mjomba dole gumba, akalichovya. Mjomba akalitazama weee, akauliza, "hina hii, harusi ya nani?" Wakili akafunika wino wake akasema hapa siwezi. Tulimnunia siku hiyo ila alikuwa na haki yake, hati ile anaitoa mtu anayejua anachokubali, na hata kama aliitoa zamani akiwa mzima, akili ikiondoka na yenyewe haina nguvu tena.

Ndo huyohuyo akatuelekeza Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Ndugu anapeleka maombi mahakamani ateuliwe msimamizi wa mali za mgonjwa, sisi tulipeleka Mahakama Kuu hapahapa Tanga. Kilichobeba kesi ni ripoti ya daktari wa magonjwa ya akili, siyo kile kikaratasi cha zahanati, pamoja na viapo na orodha ya mali yote, hadi pikipiki bovu tuliliandika. Na ndugu wa karibu wajulishwe wote, usimfiche hata yule mnayegombana naye, maana akija kuibukia mwishoni mnaanza upya.

Kwetu alikuwepo, mtoto wa mjomba mwenyewe, anapinga eti tunamzika babake angali hai. Siku mzee aliyoletwa mahakamani akaulizwa ana watoto wangapi, akataja wanne, kwa majina na tabasamu kabisa. Anao saba, na huyu mpingaji hakutajwa. Pingamizi aliliondoa wiki hiyohiyo, hatukumsemesha kitu.

Aliteuliwa mamaangu. Sasa wengi wanadhani ukishapata amri pesa ni zako, thubutu! Hesabu zinapelekwa mahakamani, na amri yetu ilisema nyumba haiuzwi wala haiwekwi rehani mpaka turudi kuomba ruhusa. Mama ana daftari la kaunta, kodi inayoingia kushoto, matumizi kulia: dawa, pampasi, umeme, mshahara wa dada anayemhudumia mjomba, na risiti kazibana na pini za nguo. Siku moja nlimuomba nauli ya kwenda Muheza nikamletee mzee dawa za kienyeji, kaniambia toa mfukoni mwako, hilo halina risiti.

Kwa hiyo wewe anzia kwa daktari, halafu ndo wakili, na bei mpatane kabla hajafungua faili. Wakati unasubiri, matumizi ya mama changeni na kila mchango uandikwe, jina na tarehe. Na yule mdogo wako anayejua namba ya siri mwambie aache kwenda kuiombea kadi benki kimyakimya, maana siku ya kueleza zile pesa zilienda wapi, atakayeulizwa ni wewe ulopeleka maombi.