Kemo ya shangazi yako

Mwanangu mpendwa,

Unauliza iwapo shangazi yako akubali kemo ya dawa mbili au ya dawa tatu, kwa kuwa saratani ya tumbo imekwisha kufika kwenye ini. Zile mbili ni oksaliplatini, inayotiwa mshipani kila baada ya wiki tatu, na vidonge vya kapesitabini, vinavyomezwa asubuhi na jioni kwa siku 14, kisha mgonjwa hupumzika siku 7. Ile ya dawa tatu huongeza dosetakseli, ambayo huweza kuupunguza uvimbe zaidi, lakini huangusha chembe nyeupe za damu na kumchosha mtu vibaya.

Kabla ya kuhesabu dawa, kile kinyama kilichotolewa tumboni kipimwe HER2, protini ambayo ikizidi kwenye chembe za saratani huzisukuma zikue. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba miongoni mwa wenye HER2 iliyozidi walioongezewa trastuzumabu, dawa inayoizuia protini hiyo, nusu waliishi zaidi ya miezi 13.8, ilhali kwa waliopewa kemo pekee ilikuwa 11.1. Niliona tofauti hiyo ni ndogo, kisha nikajiuliza: ndogo kwa nani?

Msimamo wangu unaujua: mwenye mwili ndiye wa kuulizwa. Alipougua nyanya yako, daktari alitugeukia sisi wanawe wa kiume akatueleza kila kitu, naye mama ameketi pale pale, amepakata kikapu chake. Tulipokuwa tukishuka ngazi akauliza, "Haya mliyokubaliana, ni ya tumbo la nani?" Swali hilo linanichoma hadi leo.

Sasa shangazi yako ni fundi wa nguo, na stima ikipotea pale kibandani hutunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa tu. Oksaliplatini hutia ganzi vidoleni, tena ganzi hiyo huzidi dozi baada ya dozi, na hata kushika pakiti ya maziwa iliyotoka kwenye friji huweza kumchoma kama sindano. Je, daktari amemweleza hayo? Mwenye mwili ndiye wa kuulizwa, nami sitaki kumchagulia, ingawa ulimi unaniwasha. Ila uvimbe ukizidi kulibana ini, huenda nguvu ya dawa tatu ikahitajika, na hapo maneno yangu yote yatakuwa ya mtu asiyeumwa.

Tunakwenda kliniki Jumanne. Mpigie simu kabla ya hapo, umsikilize mwenyewe, na tafadhali usimwambie kwamba mimi naegemea mbili.

Baba yako