Jibu: Makato madogo usiyoyatambua kwenye kadi

Habari ndugu. Umesema baada ya kununua zawadi mtandaoni, kadi yako imekatwa kiasi kidogo mno na duka usilolijua, unauliza kama upuuzie. Usipuuzie! Wezi huijaribu kadi kwa kiasi kidogo kwanza. Ikikubali, wanarudi kuchota.

Angalia tarehe ya makato kwanza. Wakati mwingine jina linaloonekana ni la kampuni inayopokea malipo kwa niaba ya duka, si jina la duka lenyewe. Kama hayalingani na ununuzi wako wowote, ifunge kadi sasa hivi kwenye programu ya benki, kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi, si ile uliyotumiwa kwa ujumbe. Pinga muamala huo rasmi na uombe kadi yenye namba mpya. Usikawie, maana muda wa kupinga una kikomo.

Tafadhali sana: akikupigia mtu anayejiita ofisa wa benki, akataka umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako "ili afute muamala", kata. Tarakimu hizo huidhinisha malipo, hazifuti chochote.

Kadi mpya ikifika, washa arifa za kila muamala, hata wa senti.