Kugeuza pikapu ya 2WD iwe 4WD: tafuta chesisi kwanza, difu baadaye

Kila masika yakikaribia hakosi mtu wa kuniuliza, mzee ile Hilux yako uliigeuzaje ikawa fowili (4WD, yani inavuta kwa matairi yote manne, sio mawili ya nyuma tu kama 2WD), na mimi nataka hivyohivyo, tena nimeshapata difu ya mbele pale Gerezani, Dar, kwa bei poa. Hapo kwenye "nimeshapata difu" ndio naanzaga kumpoza mtu. Difu, yani ile gia ya kwenye ekseli inayogawa nguvu kwa matairi, ndio kitu rahisi kupata kuliko vyote, na ukianza nayo utanunua vipande mwaka mzima na gari liko juu ya mawe.

Naongelea Hilux za kizazi cha 1988 mpaka 1997 maana ndio ninazozijua. Yangu ilikuwa LN85, injini 2L ya dizeli, kazi yake kushusha mboga kutoka Mgeta, milimani Morogoro. Wanaoijua ile njia ya kupandisha kuanzia Sangasanga wakati wa mvua hawahitaji maelezo.

Lala chini ya LN85 uangalie mbele, halafu nenda kalale chini ya LN106, ndugu yake ya 4WD. Kebini zinafanana lakini huku chini ni magari mawili tofauti. LN85 kila tairi la mbele linaning'inia kivyake kwenye kontro amu na toshenba (fito za chuma zinazojisokota badala ya springi), LN106 ina ekseli nzima kutoka upande hadi upande imekalia springi za pleti kama za nyuma. Kwa hiyo chesisi ya 2WD haina hata pa kushikia hizo springi, fundi atakwambia "tunachomelea tu, bosi", na ili achomelee lazima akate krosmemba (chuma kinachokatiza chesisi) ambayo ndio imebeba injini na kontro amu. Haya tuseme amechomelea vizuri, bado sampu ya oili inagongana na difu, steringi boksi inasukuma fimbo kushoto na kulia wakati ekseli ya LN106 inataka isukumwe mbele na nyuma, giaboksi yako haina pa kufungia transifa (boksi linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) kwa hiyo nayo inatoka, propela ya nyuma (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) inabidi ikatwe na kubalansiwa upya, rimu za mbele zina nati sita na nyuma una nati tano so spea tairi moja haikutoshi tena. Na difu yenyewe ya mbele haikai katikati, imekaa upande, lazima iwe upande uleule inapotokea propela ya mbele kwenye transifa. Difu ya bei poa ya gari jingine inaweza ikawa imekaa upande usio wako na hapo hela imeshaliwa.

Mimi nilichofanya nilitafuta LN106 iliyopinduka, kebini imebondeka haifai, injini ilishauzwa, ila chini iko kamili, yani chesisi, ekseli zote mbili, giaboksi na transifa yake, propela zote, steringi boksi, paipu za breki, hata ile lever ya transifa. Tukanyanyua kebini yangu na bodi ya mizigo tukaziweka juu yake. Injini ya 2L ilikaa kwenye maunti za 3L, injini ya asili ya ile LN106, bila fujo kwa sababu ni ukoo mmoja, tukabadilisha sampu na bomba lake la kunyonyea oili, tukakata sakafu ya kebini kidogo lever ipite. Hakuna mahali tulipochomelea kitu kinachobeba uzito, na kwangu mimi hiyo ndio hoja kubwa kuliko bei.

Gari la kupinduka lazima ulipime kabla ya kulipa. Chukua futi ya mkanda, pima mshazari kutoka tundu la mbele kulia mpaka la nyuma kushoto, kisha kinyume chake, vipimo visipolingana chesisi imepinda achana nayo. Angalia pia pale nyuma ya kebini, Hilux zilizozidishiwa mzigo zinapinda au kupasuka hapo, na juu ya ekseli ya nyuma matope yanakaa kutu inakula. Gonga na nyundo usikilize.

Halafu reshio ya difu, yani propela inazunguka mara ngapi matairi yakizunguka mara moja, hapa usimwamini muuzaji hata akiapa. Mbele na nyuma lazima ziwe sawa. Weka mawe kwenye matairi mengine, toa giya na handbreki, jeki tairi moja tu la nyuma, piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili (jingine limesimama, kwa hiyo miwili ya hili ni sawa na mmoja wa yote mawili) huku mwenzako anahesabu propela. Ikienda nne na kidogo tu ni 4.1, nne na nusu na kipande ni 4.56, ikikaribia tano ni 4.88. Fanya hivyohivyo mbele, hub (zile loki za kwenye magurudumu ya mbele zinazoyaunganisha na ekseli) zikiwa zimefungwa na transifa iko 2H, yani nguvu inaenda nyuma tu. Zikitofautiana kwenye tope unaweza usione kitu, ila ukifika udongo mkavu transifa inajikaza mpaka lever inagoma kutoka, baadaye kinavunjika kitu na cha kuvunjika huwa ni cha gharama.

Makaratasi sasa. Namba ya chesisi ndio gari, kwa hiyo ukifanya kama mimi kisheria umebadilisha kebini na injini ya ile LN106, sio umeiongezea LN85 yako fowili. Nunua yenye kadi na mwenye kadi aonekane kwa macho, peleka mabadiliko ya injini na rangi TRA (Mamlaka ya Mapato), na bima nao waambie. Atakayekushauri uhamishe namba ya chesisi kwa grainda, kimbia.

Kama njia yako inakusumbua wiki chache tu kwa mwaka, kiukweli usigeuze. Matairi ya tope yenye meno, mzigo kidogo juu ya ekseli ya nyuma kwa sababu pikapu tupu ndio inateleza zaidi, na difu ya nyuma yenye loki kama utaipata, vinakuvusha sehemu nyingi. Kumbuka pia gari la 4WD limesimama juu, ukilijaza kabichi mpaka juu ya kebini kwenye kona za mlimani linayumba kuliko ulivyozoea.

Likishatoka gereji kaza upya yubolti za springi zote baada ya safari za mwanzo, angalia mafuta ya difu ya mbele kama hayavujii kwenye magurudumu. Na usitembee 4H, yani transifa ikivutisha mbele na nyuma, kwenye lami, hizi hazina difu ya katikati. Mimi hub nazifunga nikiacha lami pale Sangasanga na nazifungua nikirudi.